Mwaka Nettie Alipoficha Nyanya Zake

Nettie Hawryluk alifikisha miaka sabini na tisa bila kuuamini mwezi wa Mei hata siku moja. Watu wengine wa kijiji chake cha Sokil, wakishakula baridi miezi saba, jua la kwanza likiwagusa mgongo tu wanavua makoti na kuanza kuropoka habari za kiangazi. Nettie aliwatazama kupitia dirisha la jikoni akasonya. Kwake Mei ilikuwa mgeni mwenye maneno matamu: unamkaribisha, unampa kiti, lakini hutoki sebuleni ukamwacha peke yake.

Wala si Mei tu. Hakuiamini redio, iliyopima joto la uwanja wa ndege ulio kilomita hamsini kutoka hapo, kisha ikatangaza kana kwamba imesimama bustanini mwako. Hakuziamini picha za kwenye pakiti za mbegu, wala mizani ya muuza nyama, wala daktari anayecheka kabla hujamweleza kinachokuuma. Duniani alimwamini mtu mmoja, mumewe Metro, na Metro alikuwa na mwaka wa nne makaburini nyuma ya kanisa. Alikuwa mtu wa maneno machache, yule. Miaka hamsini na mmoja waliyoishi pamoja, Nettie hakumkamata na uongo hata mmoja, na si kwamba hakujaribu.

Mali yake kubwa ilikuwa nyanya. Zilikuwa nyanya za mama yake: rangi ya waridi, umbo la moyo, moja inajaza viganja viwili, na majani yake hayana menomeno kama ya nyanya nyingine, ni mapana na laini kama ya viazi. Ukiziona, hata zikiwa changa, huwezi kuzikosea. Mama yake alipomkabidhi mbegu zimefungwa kwenye kitambaa alimwambia, "Hizi ni zako," na Nettie alilichukua neno hilo kama lilivyo. Hakumgawia mtu hata punje. Jirani akija Septemba na bakuli lake, akijikunakuna, alipewa rojo iliyochemshwa na kuchujwa mara mbili isibaki mbegu ya dawa. Watu walikula, wakasifu, wakashika njia. Kama walimwita mchoyo, walimwita wakiwa makwao.

Sasa, Oktoba ile, kwenye karamu ya mavuno katika ukumbi ulio chini ya kanisa, Nettie alikaa na sahani yake ya majani ya kabichi yaliyoviringiwa wali na perohi, vile vipande vya unga vilivyojazwa viazi, zinazoelea kwenye siagi na vitunguu. Akachoma uma kwenye saladi, akatia kinywani, akaacha kutafuna. Ilikuwa nyanya yake. Ilikuwa imechumwa mbichi na kuivishwa ndani ya magazeti kama nyanya zote za Oktoba, lakini ule unene na ule utamu ulikuwa wa mama yake mtupu. Na yeye mwaka huo hakuwa ameleta kitu. Ugonjwa wa majani uliivamia bustani yake Agosti, akaambulia nyanya tatu na mbegu kiduchu.

"Verna," akamwita Verna Slobodian, mkuu wa jiko la kanisa, "hii saladi kaleta nani?"

"Saladi? Hata sijui, Nettie. Imetoka huku na huku. Kila mtu kaleta chake, tumekatakata tukachanganya."

"Kila mtu nani?"

"Kila mtu, bwana! We kula, perohi zinapoa."

Verna akaondoka upesi kuliko kawaida yake, na masikio yake yalikuwa mekundu. Nettie aliyaona. Akaitoa punje moja ya mbegu kwa ncha ya uma, akaifunga kwenye leso kama ushahidi.

Majira yote ya baridi, theluji ikiwa imefika kwenye kingo za madirisha, alikaa akimchambua mtu mmoja mmoja. Verna alikuwa na masikio mekundu, hilo halina ubishi. Mke wa padri, maana mapadri wa kanisa lao huoa, aliwahi kusifu majani ya nyanya zake, na nani mwenye akili timamu anasifu majani? Lakini kila alipozunguka alirudi kwa Walter Prokop, jirani yake wa upande wa kulia, mgane wa miaka themanini na mmoja, aliyekuwa rafiki wa Metro tangu utoto. Uzio kati yao ulikuwa wa kufika kiunoni. Mtu anayetaka kuiba nyanya usiku angeuruka hata akiwa na magoti ya Walter.

Machi alipanda mbegu zote alizobaki nazo, arobaini kamili, kwenye makopo juu ya dirisha la jikoni. Zikaota kumi na mbili. Akangoja wiki nzima zaidi, hakuna iliyoongezeka. Hapo Nettie akaelewa hali yake ilivyo: miche kumi na miwili, basi. Ikifa hiyo, mbegu ya mama yake itakuwa imetoweka mkononi mwake na kubaki kwa mwizi, na yeye atakuwa ndiye wa kwenda kubisha hodi na bakuli. Afadhali afe kabla.

Katika Sokil, bustani ya mtu inasomwa kwa ndoo. Kila nyumba ina rundo la ndoo nyeupe za aiskrimu, zile za lita nne, na mche wa nyanya ukishaingia ardhini, jioni unafunikwa na ndoo iliyopinduliwa, juu yake jiwe, ili ikipiga jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe, ukute plastiki na si jani. Ukipita barabarani ukaona ndoo, unajua mwenye nyumba ameshatoa nyanya nje. Na kwa miaka arobaini na kitu ndoo zilizoangaliwa kwanza zilikuwa za Nettie, kwa sababu hakuwahi kupoteza mche kwa jalidi. Sheria yake ilikuwa moja, ya mama yake: nyanya hazitoki mpaka mwezi mpevu wa Juni upite. Ndoo za Nettie zikionekana leo, kesho kijiji kizima ni cheupe kama kimeota uyoga.

Lakini mwaka ule majirani walizidi kumuulizauliza. Kuzoesha miche ni kazi ya wiki mbili: leo unaiweka kibarazani saa moja, kesho saa mbili, jioni unairudisha ndani, mpaka ijue upepo na jua. Siku ya kwanza tu alipoitoa, Walter alikuwa uzioni.

"Mwaka huu ni michache, Nettie."

"Wewe unaihesabia nini?"

"Naitazama tu. Kumi na miwili, eh? Na mingine ipo ndani?"

"Ndani kuna mambo yangu, Walter."

"Haya, mama, haya. Utaitoa lini?"

"Nikitaka."

"Kama kawaida lakini? Baada ya mwezi?" Akaegemea uzio, kofia mkononi. "Usiharakishe, bwana. Joto hili ni danganya toto."

Kofia mkononi! Nettie hakupenda hata kidogo. Walter alivua kofia kanisani na mazishini tu. Na jioni hiyohiyo simu ikalia.

"Nettie, mwenzangu," alikuwa Verna, sauti imejaa asali, "hivi nyanya bado ziko ndani?"

"Kwani Walter hajakwambia?"

"Walter? Walter yupi?" akasema Verna, katika kijiji chenye Walter mmoja.

Nettie akakata simu, akaketi. Kumbe ni njama, na si ya mtu mmoja. Wanataka kujua siku na mahali. Miche ikishakuwa nje, haina mlinzi, usiku mmoja wa koleo unatosha kuing'oa yote kumi na miwili, na asubuhi kila mtu atakuja kumpa pole na maandazi mkononi. Hawakujua wanacheza na nani.

Kesho yake alikwenda dukani na kununua miche kumi na miwili ya nyanya za kawaida, zile nyekundu za madukani zisizo na ladha wala ukoo, akaipanga dirishani na kibarazani mahali pa ile yake. Kutoka uzioni, kwa macho hafifu ya Walter, mche ni mche. Kisha tarehe ishirini na nane Mei, Walter alipokwenda mjini kupima macho, akaibeba miche ya mama yake ndani ya kapu la nguo mpaka mwisho wa bustani, nyuma ya ua mrefu wa vichaka, pale ambapo hakuna dirisha la mtu linalofika. Akaipanda huko, mmoja baada ya mwingine, akiongea nayo kwa kunong'ona kwa lugha ya mama yake. Udongo ulikuwa na joto. Mbu walikuwa wameshaanza, nayo ni dalili nzuri. Alijisikia mwerevu, na kwa kweli alijisikia furaha, ambayo hakuwa ameipata tangu Metro aondoke.

Sasa mtu yeyote wa Sokil, hata mtoto wa chekechea, angekwambia makosa aliyoyafanya. Mwezi mpevu wa Juni ulikuwa bado wiki mbili nzima. Tena kule nyuma ya ua ni bondeni, na baridi ni kama maji, huteremka na kutuama chini. Nettie mwenyewe aliwahi kumgombeza Metro kwa kupanda hata maharage pale. Lakini mtu akishajaa shaka juu ya watu hana nafasi ya kuishuku ardhi.

Siku tano hali ilikuwa njema. Kila asubuhi Nettie alitoa miche ya dukani kibarazani, akaipangusa vumbi, akaigeuza upande wa jua kwa mapozi yote, huku akimtupia Walter jicho la pembeni. Kila jioni aliirudisha ndani. Ile ya kweli aliitembelea akijifanya anakwenda kumwaga maganda ya viazi.

Tarehe mbili Juni, saa moja jioni, upepo ulikufa. Mawingu yakaondoka yote, mbingu ikabaki tupu na ya buluu kali. Nettie alisimama mlangoni na kunusa. Hakuhitaji kuambiwa. Redio ilisema digrii nne, lakini pua yake ilisema vingine.

Ndoo kumi na mbili zilikuwa pale jikoni, zimepandana. Toka mlangoni mpaka kwenye ua ni hatua hamsini za nyasi tupu, na Walter alikuwa kwenye kibaraza chake, amekaa, kikombe mkononi, uso umeelekea huku. Akibeba ndoo, Walter atajua. Shuka nyeupe? Hiyo itaonekana mbali zaidi. Angoje Walter aingie ndani? Alingoja. Walter hakuingia. Badala yake aliinua sauti.

"Nettie! Leo itapiga! Miche yako iko ndani?"

"Iko dirishani, huioni?"

"Yote?"

"Yote!"

"Una hakika?"

Una hakika! Mtu wa kawaida anauliza hivyo? Anajua kitu huyu, aliwaza, anajua kwamba iko nje, anangoja nimwonyeshe mahali. Akafunga mlango kwa kishindo. Akazirudisha ndoo kwenye pembe yake. Kisha akaiwasha redio, na redio ikarudia, digrii nne, na Nettie Hawryluk, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaamua kuiamini.

Saa kumi na moja alfajiri aliamka, akaona paa la banda ni jeupe. Alitoka na gauni la kulalia na mabuti ya mpira, ndoo ya maji mkononi, maana jani lililoganda ukilimwagia maji kabla jua halijaligusa, wakati mwingine hupona. Nyasi zilivunjika chini ya miguu yake. Alipozunguka ua aliziona nyanya zake, zimesimama bado, zimekakamaa, kijani cha kioo. Akazimwagia taratibu, mche mmoja mmoja, akawa anasema, "Mama, mama, mama." Jua likapanda. Majani yakalegea, yakageuka meusi, yakalala juu ya udongo kama mchicha uliochemshwa ukasahauliwa jikoni. Akakwaruza shina kwa ukucha mpaka chini kwenye udongo, la kwanza, la pili, mpaka la kumi na mbili. Hakukuta penye uhai.

Nettie alilia. Alikaa kwenye tope akalia kwa sauti, mwanamke mzima wa miaka sabini na tisa, wala hakujali nani anasikia. Kisha kilio kikageuka hasira, kwa sababu hasira alikuwa na uzoefu nayo zaidi. Zake zimekufa, lakini za mwizi ziko hai mahali fulani. Akainuka, akapita pale uzio ulipolala, akaingia kwa Walter bila hodi, moja kwa moja nyuma ya karakana yake.

Palikuwa na sanduku refu la mbao, limefunikwa na madirisha ya zamani, na juu ya madirisha mablanketi matatu. Nettie akavuta blanketi. Akainua kioo. Joto likampiga usoni, na ndani, kwenye makopo ya maharage, kulikuwa na miche thelathini au zaidi, minene, yenye afya, majani yake mapana na laini kama ya viazi.

"Walter Prokop!" akapiga kelele. "Mwizi mkubwa we! Toka nje!"

Walter alitoka na fulana, ovaroli imefungwa kamba moja, nywele zimesimama. Alipoona kioo kimeinuliwa, alisimama palepale.

"Shusha kioo, Nettie. Zitapigwa na baridi."

"Umeziiba lini? Sema! Umeruka uzio wangu lini?"

"Sijaruka uzio wa mtu."

"Zilitembea?"

Walter akaja, akakishusha kioo mwenyewe polepole, akarudisha blanketi kana kwamba anafunika mtoto. Ndipo akasema, bila kumtazama, "Metro alinipa."

"Metro yupi?"

"Metro wako."

"Muongo! Metro hawezi kunificha kitu."

"Mwaka ule wa mvua ya mawe," akasema Walter, "ulipobaki na miche miwili tu, unakumbuka? Metro alikuja hapa akitetemeka. Vuli ile, ulipokuwa unakausha mbegu kwenye visahani, kila siku alichota chache kwa ncha ya kidole, akazitia ndani ya kofia. Akanipa mimi. Akampa Verna. Akampa mke wa padri. Mwaka uliofuata akaongeza wengine."

"Wengine wangapi?"

"Nettie..."

"Nimekuuliza wangapi!"

"Kijiji kizima, mama. Tunazo sote. Tunazipanda nyuma, usizione, na hatutoi nje mpaka utoe wewe, ili zako ziive kwanza. Tulimwahidi. Ile saladi ya karamu ni mkamwana wa Verna aliyeikata, mgeni, hakuambiwa. Verna alikaa wiki nzima hana usingizi."

Nettie alihesabu moyoni. Miaka kumi na minane tangu mvua ile. Kila vuli aliketi mezani akipanga visahani, na Metro mkabala naye akinywa chai, kofia kichwani, na yeye akimwambia avue kofia ndani ya nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, na yeye alikuwa amezichunguza nguo za kila mtu isipokuwa zake.

"Kwa nini?" akauliza, sauti imeshuka.

"Alisema mbegu ikiwa kwa mtu mmoja, usiku mmoja tu unatosha kuimaliza."

Hapo Walter akayaona mabuti yake, na tope kwenye gauni lake, na mikono yake iliyojaa udongo mweusi. Uso wake ukabadilika.

"Nettie. Ile iliyo dirishani ni nini?"

"Ya dukani."

"Na yako?"

"Nyuma ya ua."

"Kule bondeni?" Walter akashika kichwa. "Bila ndoo? Wewe, Nettie Hawryluk, bila ndoo?"

"Ningeweka ndoo, ungeziona."

Walter hakucheka, na Nettie alitamani sana acheke, apate sababu ya kumtukana. Jua lilikuwa limefika kwenye paa za nyumba na jalidi ilianza kudondoka matone. Mzee yule aliinama, akatoa kopo moja kutoka ndani ya sanduku, halafu la pili, akaendelea kuyapanga miguuni pa Nettie mpaka yakafika kumi na mawili.

"Ziweke ndani," akasema. "Mwezi bado."

"Najua mwezi bado! Unanifundisha mimi?" Lakini hakuinama kuyachukua. "Walter. Aliwaambia ninyi wote. Padri kajua, Verna kajua. Mimi mkewe, kwa nini hakuniambia?"

Walter alisugua shingo. Alitazama kule makaburini, akatazama chini.

"Alikuogopa, Nettie," akasema. "Sote tunakuogopa."

Nettie alisimama akiwa na gauni la kulalia katikati ya makopo. Miaka yote alidhani watu wanamficha ubaya, kumbe walikuwa wanamwogopa tu. Ilimuuma mahali ambapo hata kifo cha Metro hakikufika. Mwishowe akafuta mikono yake kwenye gauni, akainama, akachukua kopo moja kila mkono.

"Hayo mengine nibebee," akasema. "Halafu uingie, nikuwekee kahawa."

Walter alikuwa hajaingia jikoni mwa Nettie tangu siku ya mazishi. Aliutazama mlango ule wa nyuma, akamtazama Nettie, akautazama mlango tena.

"Kahawa tu, hunigombezi?" akauliza.

"Kahawa tu, Walter."

Hakuamini, ilionekana wazi usoni mwake. Lakini aliyabeba makopo, akamfuata nyuma, hatua tatu mbali.